Houston, Kilifi, Mangina: nani anamsimamia mwanafunzi?

Septemba 1997 wataalamu wa neurosaikolojia wa Marekani walikutana Houston, Texas, wakakubaliana namna ya kumfundisha mtu kupima akili ya mgonjwa aliyeumia ubongo. Mwanafunzi wa uzamivu aanze kuona wagonjwa angali chuoni, kisha afanye mwaka mzima wa staji hospitalini, na hata akishavaa joho akae miaka 2 zaidi chini ya mkubwa wa fani. Nafasi za ule mwaka wa staji hugawiwa kwa kompyuta: mwanafunzi anapanga hospitali anazozitaka, hospitali zinapanga wanafunzi zinaowataka, mashine inaoanisha. Uingereza wana utaratibu ninaoupenda zaidi. Mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia ya tiba huajiriwa na huduma ya afya ya taifa na kulipwa mshahara kwa miaka yake 3. Neurosaikolojia anaisomea baadaye, akiwa kazini. Huku kwetu Kongo mwanastaji akirudishiwa nauli yake ameshukuru Mungu.

Sasa tuje Mangina, mji mdogo wa wakulima wa kakao, kilomita zipatazo 30 magharibi ya Beni. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia hapo. Ugonjwa ukasambaa Beni, Katwa, Butembo na kwingineko, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Waliobaki hai ni zaidi ya 1,100, na kupona kwao hakukuwa mwisho wa habari. Liberia, ambako Ebola ilipita mapema zaidi, utafiti uliochapishwa 2019 uliwalinganisha watu 966 waliopona na 2,350 waliowahi kuwa karibu na wagonjwa. Waliopona walilalamika zaidi kuumwa kichwa, uchovu, maumivu ya misuli na viungo, kukojoa mara kwa mara, na kusahau.

Hilo la kusahau ndilo kazi ya mwananeurosaikolojia. Mama aliyepona anarudi sokoni, anapewa noti, hakumbuki chenji. Je, virusi viligusa ubongo? Au ni usingizi uliokatika tangu azike watoto? Au ni hofu, kwa kuwa eneo la Beni halijatulia na watu bado wanachinjwa mashambani? Majibu haya matatu yanadai tiba tatu tofauti, na hakuna kipimo cha damu kitakachoyatenganisha. Anayeyatenganisha ni mtu aliyefundishwa kuketi na mgonjwa, kumpa kazi ndogondogo za kukumbuka na kupanga, na kutazama anakosea vipi.

Tena wanafunzi tulikuwa nao. Wakati wa mlipuko vijana wengi, baadhi wakiwa na shahada ya saikolojia na wengine wakiwa na moyo tu, waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na familia zao. Walisimama nje ya uzio wakimwita baba aliye ndani ya hema, au wakakaa mbele ya vile vyumba vya plastiki angavu ambavyo shirika la ALIMA lilivileta Beni, ambamo mgonjwa aliweza kuona uso wa anayezungumza naye badala ya miwani na barakoa. Waliopona, walioitwa washindi, waliwabeba na kuwabembeleza watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Na kazi hiyo ilikuwa na hatari yake: tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo.

Kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020 ni karibu miaka 2. Ndio muda uleule ambao Houston inamdai daktari wa neurosaikolojia baada ya shahada. Kwa wingi wa wagonjwa, vijana wetu waliona mambo ambayo mwenzao wa Marekani hatayaona maisha yake yote. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao jioni na kuuliza: kwa nini ulimwambia vile? Ulisikia nini ukaacha? Wasimamizi walikuja kwa mikataba mifupi, wakabadilishana, na fedha zilipoondoka wakaondoka nazo. Waliosema kwamba Ebola imegeuzwa kuwa biashara, “biashara ya Ebola”, walikuwa na lao.

Kuna atakayesema Houston ni anasa ya matajiri, vitani haiwezekani. Alexander Luria anamjibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Mrusi huyu aliendesha hospitali ya askari waliopigwa risasi za kichwa, huko Urals, katikati ya uhaba. Sehemu kubwa ya neurosaikolojia tunayoisoma leo ilizaliwa kando ya vitanda vile. Askari mmoja aliyepoteza uwezo wa kusoma na kupanga kumbukumbu zake, Luria alimfuata kwa takriban miaka 25. Silaha zake zilikuwa karatasi, penseli na subira.

Luria huyohuyo, miaka ya 1931 na 1932, alikwenda kwa wakulima wa Uzbekistan waliokuwa hawajasoma, akawaonyesha nyundo, msumeno, gogo na shoka: kipi si cha kundi hili? Shule inajibu gogo, kwa sababu si kifaa. Wao walikataa kuliondoa. Bila gogo, msumeno utakata nini? Ningependa kila mwanastaji anayekuja Mangina na sanduku la vipimo kutoka Ulaya aanze na kisa hiki. Mkulima wa kakao anayeambiwa arudie tarakimu 4-9-2-7 kinyumenyume anaweza kushindwa kwa sababu ubongo umeumia, au kwa sababu bei anaihesabu kwa Kifaransa, watoto wake kwa Kinande, na leo ameulizwa kwa Kiswahili. Hilo halimo kwenye mwongozo wa kipimo. Linafundishwa na mkubwa aliyeketi pembeni.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wametafuta njia ya katikati. Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa mtoto kinachofaa mazingira ya pwani, kikaitwa kwa jina la Kilifi yenyewe. Kampala, Paul Bangirana alisoma uzamivu wake kati ya Makerere na Karolinska ya Sweden, akichunguza watoto waliopona malaria ya ubongo. Kongo pia: huko Kahemba, Désiré Tshala-Katumbay na Michael Boivin walionyesha mwaka 2013 kwamba konzo, ulemavu wa miguu unaotokana na muhogo usiolowekwa vya kutosha, huenda pamoja na udhaifu wa akili hata kwa watoto wa kaya hizohizo ambao miguu yao ni mizima. Nina shaka moja na njia hii. Staji inayozaliwa na utafiti hufuata swali la utafiti. Mtoto anapimwa, namba zinaingia kwenye jedwali, ruzuku inakwisha, na mama bado anauliza amsaidieje mwanawe darasani. Mwanafunzi anatoka hodari wa kupima na mchanga wa kutibu.

Hata hivyo Kilifi na Kampala zina kitu ambacho Mangina haina: wakubwa wanaoishi palepale. Chuo kikuu cha Graben, kule Butembo, kina kitivo cha tiba. Kingeanza na msimamizi mmoja mwenye mkataba wa miaka, si wa miezi, na wanafunzi wawili watatu wanaojua Kinande. Asubuhi wawaone washindi kituoni Mangina, na waliopasuliwa vichwa na mapanga au ajali za pikipiki. Mchana warudie kila kisa mbele ya mkubwa wao. Kisha ripoti iandikwe Kifaransa kwa daktari, na familia isomewe yote kwa lugha inayozungumzwa jikoni kwao kabla saa za staji za mwanafunzi hazijatiwa sahihi.