Baiskeli katika Mirwa: kutoka Kizuka hadi machimbo ya kale ya Gakara

Anayetoka Kizuka, katika tarafa ya Rumonge, na kuelekea Bujumbura kwa baiskeli huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima ya Mirwa mkono wa kulia. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote nchini Burundi, unapita mita 2,600, nao hauko mbali na ufuko. Kupanda namna hiyo katika umbali mfupi ndiko kunakoufanya mwambao wetu kuwa mahali pagumu, na pazuri, kwa mwendesha baiskeli.

Katika milima hiyo hiyo, kiasi cha kilomita 20 kusini-mashariki ya jiji la Bujumbura, ndiko iliko Gakara. Huko yalichimbwa madini adimu kuanzia mwaka 1948, miaka 14 kabla ya uhuru. Wasikilizaji wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac wamepita chini ya milima hiyo mara zisizo na hesabu bila kujua kilichotoka ndani yake. Makala haya yanaeleza njia ya kufika huko kwa baiskeli, historia ya machimbo yenyewe, na mambo anayopaswa kuyajua mtu kabla ya kuanza kupanda.

Mfano wa Hispania

Nchini Hispania, kuendesha baiskeli za milimani kupitia vijiji vya machimbo ya kale ni jambo lililokwisha kuzoeleka. Tangu mwaka 1993 njia za reli zilizoachwa zimekuwa zikigeuzwa kuwa njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, zikiitwa Vías Verdes, yaani njia za kijani. Iliyo ndefu kuliko zote ni ya Ojos Negros, yenye kilomita 160 hivi. Inafuata reli iliyokuwa ikiteremsha mawe ya chuma kutoka machimbo ya Teruel hadi Sagunto, kwenye Bahari ya Mediterania. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1972. Kwa kuwa garimoshi haliwezi mlima mkali, njia yake ilichongwa kwa mteremko wa taratibu, ikapitishwa kwenye madaraja na mahandaki. Ndiyo maana leo hata familia yenye watoto wadogo huweza kuipita.

Burundi haikurithi kitu cha namna hiyo. Reli ya kuunganisha Uvinza, nchini Tanzania, na Musongati ilizinduliwa ujenzi wake mwaka 2025 tu, nayo inalenga nikeli. Madini ya Gakara yalishushwa kwa barabara za udongo zilizochongwa ubavuni mwa milima. Kwa hiyo mtu asitazamie ulaini wa Hispania. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Rwanda, ambako njia ya Kongo-Nili yenye kilomita 227 inafuata Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikipanda na kushuka milima bila kuchoka. Rwanda ndiyo iliyompeleka Adrien Niyonshuti kwenye mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Kinga si mchezo

Hapa kwetu baiskeli, ambayo wengi huiita kinga kwa kufuata Kirundi, ilikuwa chombo cha kazi kabla haijafikiriwa kuwa chombo cha starehe, na bado ni hivyo. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mawese hutoka kwenye vinu vidogo vya vijijini yakiwa kwenye bidoni za lita 20, na bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 18 au zaidi kidogo. Anayefunga bidoni sita nyuma ya kinga amebeba kilo zaidi ya 100, yaani uzito kuliko wake mwenyewe, juu ya fremu ya chuma isiyo na gia.

Mteremkoni mzigo huo humsukuma mwenye nao. Breki za mpira hupata moto, hulegea, na pengine huacha kushika kabisa. Hapo mwendeshaji hutumia soli ya kiatu. Kwenye barabara ya kitaifa namba 1, kati ya Bugarama na Bujumbura, vijana huteremka na ndizi kwa mwendo wa kutisha, kisha hurudi juu wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Desturi hiyo imeua wengi. Haifai kuigwa na yeyote, si kwa haraka wala kwa ujasiri.

Mtu anayekuja na baiskeli ya milimani yenye breki za diski na gia ishirini na zaidi anakuta barabarani watu wanaoijua milima hii kuliko yeye. Mafundi wa kando ya njia huziba mipira na kunyoosha magurudumu kwa ustadi mkubwa, lakini vipuri vyao ni vya kinga za kawaida. Vipuri vya baiskeli ya kigeni abebe mwenyewe.

Madini ya Gakara

Madini adimu ya Gakara yaligunduliwa mwaka 1936, Burundi ikiwa chini ya Wabelgiji. Uchimbaji ulianza mwaka 1948 na ukaendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka 1978. Katika miaka hiyo 30 zilitolewa takriban tani 5,000 za madini yaliyokwisha kusafishwa. Kwa kipimo cha mgodi wa shaba au wa chuma hicho ni kiasi kidogo mno. Kilichoipa Gakara sifa ni utajiri wa jiwe lenyewe: madini hukaa katika mishipa myembamba ndani ya mwamba, na katika mishipa hiyo sehemu ya madini adimu huweza kupita nusu ya uzito wote. Machimbo machache sana duniani yana jiwe la kiwango hicho.

Mawe yanayotafutwa huko ni bastinesaiti na monazaiti. Ndani yake mna seriamu, lanthanamu, neodimiamu na praseodimiamu. Zamani seriamu ilitakiwa kwa ajili ya vijiwe vya viberiti vya gesi na kwa kusugulia vioo. Siku hizi thamani imehamia kwa neodimiamu na praseodimiamu, kwa sababu ndizo zinazotengeneza sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Hata mota ya baiskeli ya umeme, ile inayomsaidia Mzungu kupanda mlima wake bila jasho, ina sumaku za aina hiyo.

Baada ya mwaka 1978 milima ilinyamaza kwa karibu miaka 40. Mwaka 2015 kampuni ya Rainbow Rare Earths, iliyoandikishwa katika soko la hisa la London, ilipewa kibali cha kuchimba kwa miaka 25. Serikali ya Burundi ikawa na asilimia 10 ya hisa za kampuni tanzu. Uchimbaji ulianzia Gasagwe, na mawe yakawa yanapelekwa kusafishwa Kabezi, chini karibu na ziwa. Shehena ya kwanza iliuzwa nje mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa muda huo Gakara ilitajwa kuwa mgodi pekee wa madini adimu uliokuwa ukizalisha barani Afrika.

Mwezi Aprili 2021 serikali ilisimamisha uuzaji nje, ikidai kwamba nchi haipati haki yake katika bei na katika mgawanyo wa mapato. Katikati ya mwaka huo uchimbaji nao ukasimamishwa. Mabishano ya bei yana hoja zake pande zote mbili, lakini walioathirika mara moja ni vijana wa milimani waliokuwa wakilipwa mshahara wa kila mwezi.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana. Kijana aliyekuwa na miaka 20 machimbo ya kwanza yalipofungwa leo anakaribia 70. Hao ndio wanaojua barabara ipi ilichongwa na nani, mawe yalioshwa kwenye mto upi, na shimo lipi lilifukiwa kwa udongo tu. Ojos Negros wana mabaki ya reli na majengo ya kuwasimulia wageni. Gakara ina wazee hawa zaidi kuliko ina majengo. Orodha za mahali pa kutembelea mkoani humu hutaja jiwe la Mugere, ambako Livingstone na Stanley walilala mnamo Novemba 1871 (walikwisha kukutana Ujiji kabla ya hapo, ingawa wengi bado husema walikutana Mugere). Machimbo ya Gakara hayatajwi, nayo yaligusa maisha ya Warundi wengi zaidi kuliko wageni wale wawili.

Njia yenyewe

Kutoka mji wa Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita 70 na kitu, kwa barabara ya kitaifa namba 3. Mwendeshaji anapita Minago, Magara, Gitaza, kisha Kabezi. Sehemu ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, iliwekwa katika mradi wa ukarabati uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni tambarare kwa sehemu kubwa, ila mlima unasogea mpaka ukingoni mwa maji mahali pengi, na hapo nafasi ya baiskeli na lori kupishana ni finyu.

Gitaza pahitaji tahadhari ya pekee. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua iliporomosha mawe na udongo, watu wakafa na barabara ikakatika. Tangu mwaka 2018 maji ya ziwa nayo yamekuwa yakipanda, na nyumba za ufukweni Rumonge na kwingineko zimezama. Kwa hiyo kipindi cha mvua nyingi, Februari hadi Mei, si cha kwenda milimani. Juni hadi Agosti udongo huwa mkavu na kushika vizuri.

Kabezi ndipo mahali pa kuiacha lami na kuanza kupanda Mirwa kuelekea mashariki. Mtu atavuka mashamba ya ndizi, mihogo na maharage, mwinuko baada ya mwinuko. Asiingie eneo la mgodi bila ruhusa: kusimama kwa kazi hakufuti mamlaka ya serikali. Aanze kwa mkuu wa kilima, ajitambulishe, amwombe mwenyeji wa kumwongoza na kumlipa kwa haki. Asisogelee mashimo ya zamani, kwa maana kingo zake hulainika baada ya mvua. Na jiwe la Gakara si la kutia mfukoni kama kumbukumbu: sheria ya madini hairuhusu, na monazaiti kwa kawaida ina thoriamu, yenye mionzi.

Atakayeendelea hadi Bujumbura akumbuke kwamba Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Atakayerudi Kizuka siku hiyo hiyo aanze kupanda kutoka Kabezi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Wakati wa kushuka awapishe kwanza wenye mzigo. Breki zao huchelewa kushika.