Hip-hop: Kufa au Kujivua Gamba?

Wapo wahakiki washikiliao ya kwamba hip-hop imekwisha. Dai hilo si geni: mwaka 2006 Nas, mwana wa New York, aliipa albamu yake jina litangazalo kifo cha sanaa hiyo. Yafaa kuuliza ni kipi hasa kilichokufa. Mwaka 1973, mtaani Bronx, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alirudiarudia sehemu za santuri zenye midundo mitupu. Tangu asili, basi, sanaa hii iliishi kwa kuazima na kugeuza. Tabia hiyo haijakoma. Mtindo wa drill ulitoka Chicago, ukageuzwa mapigo London, kisha Pop Smoke akaughani Brooklyn mwaka 2019 juu ya midundo ya mtayarishaji wa London. Tuzo ya Pulitzer aliyopewa Kendrick Lamar mwaka 2018 hutajwa mno kuwa thibitisho la uhai; thibitisho hilo ni dhaifu, kwani hata marehemu hutunukiwa nishani. Kilichopungua ni mamlaka ya New York ya kuamua nini kiitwe hip-hop. Kalamashaka, vijana wa Dandora, Nairobi, hawakuyangoja mamlaka hayo: katika miaka ya 1990 walikwisha kughani kwa Kiswahili na Sheng.