Mumiani Hakai Magofuni

Mwambie kijana wa Nairobi akutafutie mahali pa kurekodia filamu ya kutisha, naye atakupeleka kwenye nyumba ya mzungu. Atakutajia jumba la mawe, ngazi za mbao zinazolia, na picha ya marehemu inayokukodolea macho kutoka ukutani. Hofu yetu ya skrini tumeikopa, na imekuja na samani zake.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana niliingizwa kwenye kazi ya aina hiyo. Wanafunzi wanne wa filamu niliojuana nao kabla sijaacha chuo walikuwa na kazi ya muhula: trela ya dakika mbili ya filamu ya kutisha. Filamu yenyewe haipo na huenda isiwepo kamwe, maana filamu nzima hutaka doo, na trela hutaka kamera moja, taa mbili na marafiki wenye subira. Walihitaji mtu wa kuwaandikia bila malipo. Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu, karo iliposhindikana nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa. Hii haikulipa, lakini mada yao singeweza kuikataa. Walitaka mumiani.

Trela haina nafasi ya kueleza mambo. Una mlango, korido, mwanga na sauti, basi. Kazi ambayo kwenye filamu nzima ingefanywa na mazungumzo hufanywa na mahali. Ndiyo maana kabla ya kuandika hata mstari mmoja tulikaa wiki mbili tukibishana kuhusu lokesheni.

Mwongozaji alitaka kasri la Lord Egerton kule Njoro. Wengi huenda huko. Maurice Egerton alilijenga kati ya 1938 na 1954, lina vyumba 52, na mgeni husimuliwa kwamba lilikusudiwa mwanamke aliyemkataa mwenye nyumba. Kwenye kamera linapendeza sana. Lakini hebu fikiria: mumiani wa Nairobi ana shughuli gani kwenye kasri la mtu aliyevunjwa moyo? Katika hadithi hiyo ya mapenzi, waliobeba mawe hawatajwi hata kwa jina moja.

Mpigakamera akapendekeza vyumba vya chini vya Nyayo House. Hapo tulinyamaza kidogo. Juu, watu hupanga foleni ya pasipoti. Chini, wakati wa msako wa Mwakenya kuanzia 1986, washukiwa walifungiwa gizani, wakanyimwa chakula, wakasimamishwa ndani ya maji hadi ngozi ikaharibika. Seli hizo zilionyeshwa umma Februari 2003, KANU ilipokuwa imetoka madarakani, na baadhi ya waliotoka mle wangali hai. Hata tungepewa ruhusa, ambayo tusingepewa, nani angethubutu kumwaga damu ya rangi ya chakula kwenye sakafu ile? Tukaliacha.

Ilibidi turudi kwa mumiani mwenyewe tumuulize anakaa wapi.

Neno ni la zamani. Kamusi za Kiswahili za mwisho wa karne ya 19 tayari zinalo, na ile kamusi sanifu iliyotolewa na Frederick Johnson mwaka 1939 inalieleza kwa njia mbili. Kwanza ni dawa: kitu cheusi kama gundi, kilicholetwa kutoka Uajemi, kikitumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Pili ni imani kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu waliouawa kwa kusudi hilo, na kwamba uvumi ukienea, watu hawatoki nje usiku. Dawa na uhalifu vikakaa kwenye neno moja.

Nairobi ya wakoloni ikampa mumiani kazi ya serikali. Baada ya Vita vya Kwanza, watu wa mitaa ya Waafrika walianza kusema kwamba wanaochukua damu ni wazimamoto. Hebu tazama kwa macho ya mtu wa wakati huo. Hawa ni watu wenye sare. Wana gari jekundu. Mchana wanakaa kituoni wakisubiri, usiku wanatoka mbio, na hujui wameitwa na nani. Uvumi huo haukuishia Kenya. Uganda waliitwa bazimyomwoto, Tanganyika waliitwa mumiani au chinjachinja, Kongo walikuwa batumbula. Wala haukuwa mchezo wa kutisha watoto. Mwaka 1959, mtaani Buguruni, Dar es Salaam, umati uliojaa hofu ya mumiani ulipambana na polisi, na askari mmoja akauawa.

Aliyezikusanya hadithi hizi kwa wingi ni mwanahistoria Luise White, kwenye kitabu chake *Speaking with Vampires* cha mwaka 2000. Aliwahoji wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, akaendelea baadaye magharibi mwa Kenya na Kampala. Hoja yake ilinisaidia kuliko darasa lolote nililokaa. Tusipoteze muda kuuliza kama kweli damu ilinyonywa. Tuulize watu walikuwa wanazungumzia nini walipozungumzia damu. Mtu aliyelazimishwa kuvaa kipande shingoni, ndani ya kikasha cha chuma. Mtu ambaye ndugu yake alichukuliwa kuwa hamali wa vita asirudi. Jina Kariokor mpaka leo ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wabeba mizigo, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Ukiwa mtu huyo, kusema kwamba serikali inanywa damu ni kueleza maisha yako kwa ufupi.

Na hadithi hizo zina anwani. Ndicho kilichotushangaza tulipozisoma kwa jicho la kutafuta mahali pa kurekodia. Hakuna jumba wala kaburi. Kuna River Road. Kuna Pumwani. Kuna njia ya kwenda choo cha nje usiku. Kuna gari lililofungwa kila upande, limesimama mahali lisipostahili kusimama. Kuna chumba cha kupanga, na ndani yake shimo lililofunikwa mkeka, mgeni akanyage atumbukie.

Tena kuna hilo neno lenyewe, lokesheni. Sisi tulikuwa tunalitumia kwa mbwembwe kama watu wa filamu. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndivyo ilivyoitwa rasmi: lokesheni ya wenyeji, mahali palipotengwa kwa ajili ya Waafrika kukaa mjini. Vijiji vya zamani vilikuwa vinavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyokawia zaidi, nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Miaka mia moja kabla yetu, kuna mtu aliketi na ramani ya Nairobi akachagua lokesheni, na hakuwa na kamera.

Sasa, huyo mwenye chumba chenye shimo ni nani? Katika masimulizi mengi ni mwanamke. Malaya wa River Road au mwenye nyumba wa Pumwani, anayemkaribisha mteja au mgeni kisha anamuuza kwa wazimamoto. Muhtasari wa kwanza wa mwongozaji ulimalizikia hapo: mama mwenye ploti anageuka, anatabasamu, mkeka unavutwa. Kusema kweli ni picha nzuri. Inatisha.

Mimi niliipinga. Wanawake hao walikuwa akina nani? Wengi walitoroka ndoa, njaa au ukali wa nyumbani, wakafika mji uliowataka wanaume tu, tena kwa muda. Walifua, walipika, waliuza pombe, waliuza miili. Pesa wakazigeuza kuta za udongo, na Pangani kisha Pumwani zikawa na wenye nyumba wengi wanawake. White ameandika kitabu kingine kizima kuhusu jambo hilo, *The Comforts of Home*, cha mwaka 1990. Mwanamke asiye na mume, mwenye vyumba vinne na wapangaji wanaume, ametoa wapi mali? Mji ulikuwa na jibu tayari: ameuza damu. Tungemaliza trela kwa tabasamu lile, tungekuwa tunarudia umbea wa miaka ya 1920 kwa kamera ya kisasa.

Mwongozaji naye hakuwa mjinga. Alisema: “Lakini si hao wanawake wenyewe ndio waliosimulia? Mbona unawatetea kuliko wanavyojitetea?” Ana haki. Waliohojiwa Pumwani walikuwemo wanawake, na baadhi yao waliwasimulia hivyo wanawake wenzao. Hoja yake ilinikalia kichwani siku kadhaa. Ninavyoona mimi, mtu anaweza kusimulia uvumi ili ajitenge nao: wale wa River Road ndio waliouza watu, sisi wa huku tulikuwa na heshima. Lakini sisi tungekuwa tunasimulia ili kujitenga na nani?

Tulikwenda Majengo, Pumwani, Jumamosi moja asubuhi, bila kamera. Rafiki wa rafiki alitupeleka kwa bibi mmoja mwenye nyumba ya zamani, mabati yametiwa kutu rangi ya chai. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akatupa mkeka. Mwongozaji aliuangalia ule mkeka kabla hajakaa. Bibi akamwona.

“Kaa, mwanangu. Chini yake ni simiti.”

Alikuwa amezisikia zote, kutoka kwa mamake. Alituambia kwamba walipokuwa watoto, kengele ya gari la zimamoto ikisikika, walikimbilia ndani. Nikamuuliza kama watoto wa sasa wanaogopa. Akacheka kwa sauti. “Hawa? Hawa wanaliombea lije.”

Alikuwa anazungumzia Gikomba, hapo jirani. Soko hilo limeungua mara nyingi hata watu wameacha kuhesabu. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na karibu kila moto huja na lalamiko lile lile, kwamba magari yamechelewa au njia ya kupita haipo. Nairobi moja, mtaa mmoja, gari jekundu lile lile: vizazi viwili vimeliogopa kwa sababu mbili zinazopingana. Mama yake bibi aliogopa lisije kumchukua. Wajukuu wake wanaogopa halitafika.

Nikamuuliza kama mumiani ameisha. Hakujibu haraka. Alisema mjukuu wake wa kiume hatoki tena usiku, na si kwa sababu ya damu. Kisha akataja aina ya gari.

Wewe msomaji unalijua gari hilo. Kati ya Juni na Desemba 2024, baada ya maandamano ya vijana, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa, na mwezi huo wa Desemba 29 walikuwa hawajulikani walipo. Gari lisilo na nambari, vioo vyeusi, watu wasiojitambulisha. Tulipotoka kwa bibi tulitembea mpaka kituo cha zimamoto cha Tom Mboya Street, ambako siku hizi ni stendi ya matatu na makanga wanaita abiria kwa jina la kituo hicho. Hakuna aliyetazama milango. Barabarani, gari la vioo vyeusi lilipopunguza mwendo, wote wanne waligeuka kwa pamoja.

Basi lokesheni zikajichagua. Ukumbi wa ploti ya kupanga mchana, nguo zikianikwa. Njia nyembamba ya kwenda chooni, taa moja. Mkeka ambao kamera inausogelea polepole, mkono wa mwanamke mzee unauvuta, na chini yake ni simiti tu. Halafu sauti ya injini nje, haiondoki. Hatukuonyesha mtu akinyakuliwa. Bibi alikubali kutupa ukumbi wake na mkono wake, kwa sharti kwamba uso usionekane na kwamba tule kabla ya kuondoka. Tulilipa kwa sukari, mchele na nakala ya trela kwenye simu ya mjukuu wake.

Trela ilipoonyeshwa darasani, mhadhiri aliuliza zimwi liko wapi. Swali halali, maana kazi ilisema filamu ya kutisha. Mwongozaji alimwomba aicheze tena ile sehemu ya mwisho, sekunde kumi na moja za injini inayonguruma nje ya lango, na darasa likae kimya. Walikaa kimya. Kwenye sekunde ya saba au ya nane, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinuka akaenda kuchungulia dirishani.