Jipu la Ini: Maana ya Istilahi, Bakteria na Vyanzo Vyake

Jipu la ini ni mkusanyiko wa usaha ndani ya nyama ya ini, unaotokea pale vimelea wanapoharibu seli za sehemu hiyo na chembe nyeupe za damu kumiminika kupambana nao. Neno jipu, ambalo katika mazungumzo ya kila siku hutajwa zaidi kwa uvimbe wa ngozi unaoiva na kutumbuka, katika tiba hujumuisha pia usaha uliofichika ndani ya viungo, ambao, ukiwa kwenye ini, dalili zake ni homa, baridi ya kutetemesha na maumivu chini ya mbavu za kulia. Istilahi hiyo hukamilika kwa kutaja kisababishi, kwa kuwa jipu la bakteria ni tofauti na jipu la amiba, linaloletwa na Entamoeba histolytica, ambalo majimaji yake aghalabu huwa ya kahawia na hayana uvundo.

Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia vena ya lango, yaani mshipa unaokusanya damu kutoka tumboni, kwenye utumbo na wengu, na ndiyo maana kidole tumbo kilichopasuka huweza kupeleka bakteria moja kwa moja kwenye ini. Madaktari Ochsner, DeBakey na Murray walipochapisha uchambuzi wao wa majipu ya ini nchini Marekani mwaka 1938, ugonjwa wa kidole tumbo ulikuwa miongoni mwa visababishi vikuu. Upasuaji wa mapema na antibiotiki vilipoenea, nafasi hiyo ilichukuliwa na kuziba kwa mifereji ya nyongo, kunakotokana na vijiwe, saratani au, hasa kwa watoto, minyoo ya askaris.

Aina ya bakteria humwonyesha daktari pa kutafuta chanzo. Escherichia coli na bakteria wasiohitaji oksijeni, kama vile Bacteroides, huelekeza kwenye nyongo au utumbo, ilhali Staphylococcus aureus, inapopatikana peke yake, huashiria uambukizo uliosafiri kwa damu kutoka kwenye ngozi, mfupa au vali ya moyo. Klebsiella pneumoniae, iliyoelezwa sana na madaktari wa Taiwan tangu miaka ya 1980, huwapata hasa wenye kisukari, hata wasio na ugonjwa wa nyongo, na huweza kusambaa hadi jichoni na kupofusha.

Usaha hutolewa kwa sindano au mrija unaoongozwa na ultrasaundi, sehemu yake huoteshwa maabara ili bakteria watambuliwe, na antibiotiki hutumika kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Hata hivyo, jipu kutoweka kwenye picha si mwisho wa tiba: mgonjwa ambaye chanzo chake hakijajulikana anapaswa kupimwa sukari, njia za nyongo na utumbo mpana, kwa sababu jipu la ini huweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya utumbo huo.