Ganda ya ngazi inaamuliwa ndani ya ua

Wandugu, tuseme muko Masako, munaona mungazi moja wa ganda jembamba, wenye kutoa mawese mingi. Kuokota ngazi zake na kupanda, ni akili? Yangambi, kilometa 100 hivi kwa kushuka mto toka Kisangani, ilishajibu.

INEAC ilianzishwa 1933. Mwaka 1941, watafiti wake Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kama muti ule, tenera, ni mtoto wa dura, mwenye ganda nene, na pisifera, asiye na ganda. Ndani ya ua, seli ya kiume toka chavua inaungana na seli ya yai, zinakuwa seli moja. Kila moja inaleta urithi wake wa ganda.

Lakini tenera kwa tenera, mbegu 100 zinatoa karibu dura 25, tenera 50, pisifera 25. Na pisifera mara nyingi haizai vizuri. Utayaona kisha miaka 3 ama zaidi, shamba imeshakula pesa.

Basi, mbele ya kununua mbegu, tuulize: mama ni dura? Baba ni pisifera? Muuzaji akikosa jibu, tumurudishie mbegu zake.