Obokano na Sanduku la Santuri

Msomaji, huenda umepata kuona katika picha za zamani lile sanduku kubwa la santuri, lenye taa na kioo, ambalo mtu alilitumbukizia sarafu nalo likampigia wimbo autakao. Asili yake ni ya mbali. Tarehe 23 Novemba 1889, mjini San Francisco, Marekani, Louis Glass aliweka katika baa mashine ya sauti iliyofanya kazi kwa sarafu. Baadaye, spika za umeme zilipoingia, mafundi walitambua kwamba spika isiyo na sanduku hutoa sauti nene kwa udhaifu, kwa kuwa mawimbi ya hewa ya nyuma huyafuta yale ya mbele. Ndipo seremala akawa mshirika wa mwimbaji.

Lakini ushirika huo haukuwa mgeni katika vilima vya Abagusii, ambavyo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. Huko fundi alichukua gogo, akalichimba kwa tezo na patasi hata likawa bakuli kubwa, akaliwamba ngozi ya ng'ombe. Kisha alisimamisha miti miwili, akaiunganisha juu kwa mti wa tatu, akavuta nyuzi nane. Hiyo ndiyo obokano. Uzi peke yake hunong'ona tu. Ni bakuli na ngozi vinavyoukuza mnong'ono huo uwe mvumo mzito, wenye mkwaruzo wa kupendeza.

Je, santuri ilipofika, ala za mikono zilinyamaza? La! Mwaka 1950 Hugh Tracey alizuru nchi ya Wakipsigis, jirani wa Abagusii, akarekodi wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Wasichana walimwimba huku wakifuata nyuzi za kinanda cha kwao. Mgeni alikuja katika mashine. Wenyeji wakampokea kwa mti na ngozi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Santuri huhifadhi wimbo, wala haihifadhi mkono wa fundi. Ukisikiliza obokano katika kanda mara mia, hutajua ni mti gani uliokatwa, wala bakuli lilichimbwa mpaka unene gani. Elimu hiyo hukaa katika vidole vya mzee, na vidole hivyo vikizikwa bila mwanafunzi, nayo huzikwa pamoja navyo.

Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Kama yuko jirani yako achongaye obokano, nenda kwake siku ya mapumziko pamoja na daftari lako. Uliza, pima, andika. Kisha liweke daftari chini, uombe ushike tezo.