Pembe Isiyokuwepo Kwenye Fulana

Aliyewahi kuchambua robota la mitumba, iwe sokoni Gikomba au Karume, amekutana nayo shingoni mwa fulana: tufaha jekundu, zabibu za kijani, zabibu za zambarau na majani machache. Ni nembo ya Fruit of the Loom, na hakuna cha zaidi. Lakini waulize Wamarekani waliokua wakivaa nguo hizo, wengi watakuapia kwamba nyuma ya matunda palikuwa na pembe kubwa ya kahawia, iliyosukwa kama kikapu, matunda yakimwagika kutoka mdomoni mwake. Kampuni imekanusha tena na tena. Pembe hiyo haijawahi kuwepo.

Nembo yenyewe ina umri. Ndugu wawili, Benjamin na Robert Knight, wenye viwanda vya nguo huko Rhode Island, walianza kutumia jina hilo miaka ya 1850. Inasimuliwa kwamba binti wa rafiki yake Robert, muuza vitambaa wa Providence, alikuwa akichora matufaha na kuyabandika kwenye majora, na majora yenye tufaha ndiyo yakawa yanatoka haraka dukani. Mwaka 1871 alama ikasajiliwa kwa namba 418, miaka kadhaa kabla Edison hajawasha balbu yake. Tangu hapo matunda yamechorwa upya mara nyingi, pembe haikuingia hata siku moja.

Wanaoiamini pembe hawakosi vielelezo. Mwaka 1973 mpiga filimbi wa jazi Frank Wess alitoa albamu iliyoitwa Flute of the Loom, na jaladani kuna filimbi inayogeuka pembe na kutema matunda. Wao husema mchoraji asingeweza kuitania pembe ambayo haipo. Mimi naona kielelezo hicho kinathibitisha jambo jingine: huenda kosa hili lilikuwa vichwani mwa watu kabla intaneti haijazaliwa.

Siku hizi makosa ya namna hii huitwa Athari ya Mandela. Jina hilo lilienezwa na Fiona Broome, mwandishi Mmarekani wa mambo ya mizimu, aliyekumbuka waziwazi kwamba Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980, kisha akakuta wenzake wanaokumbuka vivyo hivyo. Kwa msomaji wa Dar es Salaam jina hili lina kichekesho chake. Mandela alitoka gerezani Februari 11, 1990, na Machi mwaka huohuo alikuwa Tanzania, nchi ambako chama chake, ANC, kilikuwa na shule Mazimbu, Morogoro. Huku nani angemzika mtu aliyempokea? Nashuku huko ng'ambo walimchanganya na Steve Biko, aliyefariki mikononi mwa polisi mwaka 1977. Kwa aliye mbali na tukio, mashujaa wawili wa nchi moja huweza kugeuka mmoja.

Wanasaikolojia walikuwa wameanza kuchunguza makosa haya zamani, kwa sarafu. Mwaka 1979 Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwataka Wamarekani wachore senti yao, ile inayopita mikononi mwao kila siku, na wengi walishindwa kuweka vitu mahali pake. Lakini kushindwa ni jambo moja, kushindwa kwa namna ileile ni jambo jingine. Mwaka 1990 Gregory Jones alionyesha kwamba Waingereza walielekea kumkumbuka Malkia akitazama kushoto kwenye sarafu, ilhali alitazama kulia. Kwenye stempu ndiko alikotazama kushoto.

Jaribio lililogusa nembo moja kwa moja lilifanywa na Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago, likachapishwa mwaka 2022. Waliwaonyesha watu 100 picha za vitu na wahusika 40, kila kimoja kwa sura tatu, moja sahihi na mbili zilizochezewa, wachague iliyo sahihi. Saba kati ya hizo 40 ziliwapotosha watu kwa njia moja. Bwana wa mchezo wa Monopoly alivalishwa kioo cha jicho moja ambacho kwa kawaida havai. Pikachu, mhusika wa katuni, akatiwa weusi kwenye ncha ya mkia. Herufi V na W za Volkswagen, ambazo zina mwanya kati yake, zikaunganishwa.

Maelezo mepesi ni kwamba akili hujazia pengo kwa kilichozoeleka. Kwa Monopoly yanakubalika, maana tajiri mwenye kofia ndefu anastahili kioo chake. Kwa Fruit of the Loom yanakwama. Matunda huonekana kwenye sahani mara nyingi zaidi kuliko kwenye pembe, hata Marekani, na watafiti waliweka toleo lenye sahani makusudi. Watu waliiacha sahani wakachagua pembe. Hata kuangalia kwa makini hakukuwa dawa: waliokosea hawakuitazama picha tofauti na waliopatia.

Tangu hapo kazi imekuwa ngumu zaidi. Lebo za kughushi, zilizochakaa vizuri na zenye pembe yake, zinasambaa mitandaoni kila uchao, kwa hiyo mtafiti anayetaka kurudia jaribio lile leo lazima kwanza amtafute mtu ambaye hajaionyeshwa pembe na mtu mwingine.